Gunia la Springi Kuukuu

Inspekta Emmaculate Changawa alilisoma faili lote kwa kusimama, maana alijua akikaa atapiga meza ya mkubwa wake.

"Nani kaandika haya?" aliuliza.

Mkuu wa kituo, Bwana Clifford, alikuwa anakoroga chai. "Vijana wa trafiki. Kuna nini tena?"

"Kuna mashahidi watatu, na wote wanasema dereva alikuwa anakwenda mbio. Wa kwanza ni nduguye marehemu, na saa hiyo alikuwa dukani kwake mjini. Wa pili ni muuza madafu, alifika gari limeshalala ubavu. Wa tatu ni fundi wa gereji, yuko Changamwe. Hawa mwendo wa gari wameuona wapi?"

"Changawa, gari halipinduki limesimama."

"Wala sikusema lilikuwa limesimama. Nasema hawa hawakuliona."

Clifford alikunywa chai yake polepole. Kwake kesi hii ilikuwa imekwisha. Siku tisa nyuma, saa nne asubuhi na barabara kavu, pikapu ya Mzee Hadi wa Mkomani ilipinduka kwenye kona ya Bofu, huku Likoni. Mgongoni ilikuwa imebeba kempa, ile nyumba ndogo ya kupakia juu ya pikapu, yenye kitanda ndani, na jiko, na tangi la maji. Mzee Hadi alifariki palepale. Dereva wake, Justus, alivunjika mguu, na sasa amelala hospitali mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Kesho saa tatu angesukumwa mbele ya hakimu kwa kiti cha magurudumu, asomewe shtaka la kuua mtu kwa kuendesha vibaya. Mtu mwenye mke na watoto wanne.

"Na mjane wa marehemu?" Changawa aliuliza. "Mbona hana hata mstari mmoja humu?"

"Yuko eda. Vijana walifika mlangoni wakaambiwa hakai na wanaume."

"Wakarudi."

"Ungetaka waingie kwa nguvu?"

"Ningetaka wakumbuke kwamba kituo hiki kina mwanamke." Alilifunga faili. "Nipe mpaka saa kumi."

"Saa kumi nalitia sahihi, uwe umerudi au hukurudi," alisema Clifford.

Alianzia nyuma ya kituo, kwenye uwanja wa magari yaliyokamatwa. Pikapu ilikuwa imeegemezwa ukutani, kempa imepasuka kama sanduku lililoanguka kutoka kwenye rafu. Changawa alitandika gazeti, akalala chali, akaingia chini ya gari.

Kempa ile na maji yake ilikaribia kilo mia tisa. Pikapu ya kawaida hutengenezwa ibebe mzigo huo leo, iushushe, kesho ipumzike. Kempa haishuki. Inakaa pale siku zote, na tena ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo kila kona inataka kuliangusha gari upande. Ndiyo sababu mwenye akili kabla ya kupakia hutia nguvu huku nyuma: springi nene zaidi, na shoki ngumu za kuzuia kuyumba. Kwenye faili fundi alisema hayo yote aliyafanya. Alibadilisha springi zote za nyuma, akatia mpya na nzito.

Springi za nyuma za pikapu ni mabamba ya chuma yaliyopinda, moja juu ya jingine, yamefungwa kwenye ekseli kwa bolti iliyopinda kama kwato ya punda. Hizi zilikuwa nyeusi tititi, zinang'aa kama viatu vya askari mpya. Changawa alitoa kisu kidogo, akakwangua. Chini ya rangi kulikuwa na udongo. Udongo mwekundu mkavu, wa miaka, umepakwa rangi juu yake.

"Springi mpya zina udongo wa wapi?" alisema peke yake.

Akahamia upande wa kushoto. Bamba kubwa lilikuwa limekatika vipande viwili. Ripoti ya ukaguzi ilisema limevunjika kwa sababu ya kuanguka. Aliwasha tochi ya simu, akatazama pale palipokatika, akatazama tena. Nusu ya mkato ilikuwa chuma kitupu, kimeanza kushika kutu changa. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi. Rangi ilikuwa imeingia ndani ya ufa.

Askari wa zamu akainama kumtazama.

"Afande, uko salama?"

"Njoo, lete kichwa chako hapa. Unaona nini?"

"Chuma kimevunjika."

"Na rangi iko wapi?"

Askari alikodoa macho. "Iko ndani."

"Gari limepinduka, springi ikavunjika, halafu marehemu akaamka akaja kuipaka rangi ndani?"

Askari hakujua acheke au la. Changawa alipima upana wa mabamba kwa utepe. Sentimita sita. Bolti ya kwato ilikuwa na nafasi ya hizo sita na upenyo wa kupitisha kadi ya simu, basi. Aliandika kwenye daftari, akapiga picha, akajipangusa vumbi.

Clifford alimsikiliza dirishani, kisha akatikisa kichwa. "Umesahau jambo moja. Fundi alirudisha springi za zamani kwa mwenyewe. Ziko ndani ya gunia, nyumbani kwa marehemu, na nduguye ameliona gunia kwa macho yake. Kama springi za zamani ziko kwenye gunia, zilizo kwenye gari ni zipi?"

Hilo ndilo lililowafunga wote mdomo. Mombasa hii mtu hamwachii fundi spea kuukuu. Ukibadilishiwa kitu, unataka kile kilichotoka ukishike mkononi. Hapo ndipo unajua kazi imefanyika. Na fundi akishakupa gunia, nani atamshuku?

Changawa alichukua ufunguo wa gari.

*

Nyumba ya Mkomani ilikuwa na ukumbi mrefu na pazia zito mlangoni. Binti wa marehemu, Israa, alimpokea, akampeleka chumba cha ndani. Bi Samiha alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe, hana hata pete kidoleni.

"Shikamoo mama. Poleni sana."

"Marahaba mwanangu. Tushapoa. Ndoo ukae hapa karibu nami." Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Wewe ni polisi kweli?"

"Ni polisi, mama."

"Basi mbona umechelewa hivi?"

Changawa alivua kofia, akakaa.

"Wenzio walikuja," Bi Samiha aliendelea. "Israa akawaambia mama yuko eda. Wakageuka, wakenda zao. Pazia lile pale! Kwani pazia ni ukuta? Wangesimama nyuma yake wakaniuliza, ningewajibu moja moja. Eda imenikataza kutoka na kujipamba. Haikunikataza kusema nilojua. Siku tisa namngoja mtu aniulize, na huku nasikia Justus ametiwa pingu."

"Wewe unaamini Justus alikuwa anakimbiza gari?"

"Justus?" Bi Samiha aligeuka kwa bintiye kama aliyetukanwa. "Israa, mwambie. Justus akitupeleka harusini tunakuta watu wanakunja mikeka. Miaka kumi na moja nalalamika yule mtu ni konokono. Leo amekuwa mkimbizaji?"

Israa alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza katika nyumba ile, na papo hapo likamtoka.

"Mama, nieleze habari ya springi," alisema Changawa.

Bi Samiha alieleza bila haraka. Mzee Hadi alikaa dukani miaka arobaini, hajatoka kwenda kutembea hata Malindi. Alipowaachia watoto duka, alisema sasa ni zamu ya kuzunguka nchi, yeye na mkewe, walale wanapotaka. Ndipo akanunua kempa. Springi nzito aliziagiza mwenyewe, zikaletwa nyumbani.

"Zilikaa ukumbini hapo siku mbili, zimefungwa karatasi. Mimi nilijikwaa nazo, kidole kikavimba. Nikazifungua nione ni dude gani. Mabamba mazito, na kila moja limepigwa mstari wa kijani ubavuni. Nikamwambia, Hadi, hizi za gari au za treni? Akacheka."

"Mstari wa kijani. Una hakika?"

"Kidole changu kina hakika."

Changawa aliandika. Kwenye pikapu hakuona kijani, hata pale alipokwangua. "Kisha?"

"Kisha zikapelekwa kwa fundi Boga, huko Changamwe upande wa Airport. Gari likarudi, na gunia juu. Kempa ilipopakiwa, Justus akazunguka gari mara mbili. Akamwambia Hadi, mzee, nyuma limekaa chini mno, mimi silipendi. Hadi akampigia fundi simu, nasikia kwa masikio yangu. Fundi akasema springi mpya hulala kwanza, zikizoea mzigo zitainuka. Na Hadi akamwambia Justus, gunia si hili hapa? Unataka ushahidi gani mwingine?" Alinyoosha pindo la mkeka. "Siku ya pili wakatoka kulijaribu njia ya Likoni, wawili tu."

Gunia lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya ngazi, mdomo umeshonwa kwa kamba ya katani. Israa alileta mkasi. Changawa alitoa mabamba moja moja, akayapanga sakafuni. Kumi. Matano ya kushoto, matano ya kulia. Hesabu ya pikapu kamili. Yalikuwa na kutu na grisi kuukuu, na mawili yamechoka yamenyooka. Kila kitu kama alivyosema fundi.

Bi Samiha alikuwa amesimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. "Basi fundi alisema kweli?"

Changawa alichuchumaa pale, jasho linamtiririka. Aliona saa kumi inakuja, na kalamu ya Clifford. Akalishika bamba moja kulirudisha kwenye gunia, na mkono wake ukashangaa. Lilijaza kiganja. Lile la kituoni alilishika vilevile, na vidole vilizunguka vizuri.

Alitoa utepe. Saba. Akapima la pili, la tatu, yote kumi. Saba, saba, saba.

"Mama," alisema, "mzee aliwahi kulifungua gunia hili?"

"La. Alilitikisa tu, likalia chuma, akaridhika. Na shemeji yangu vilevile, alisimama hapo ulipo akasema naam, liko."

"Haya mabamba ni ya lori dogo. Pikapu yenu, bolti zake haziwezi kuyashika. Hayajawahi kukaa kwenye gari lile hata siku moja."

Sauti ya Bi Samiha ilikuwa ya chini, lakini kila neno lilikuwa na meno. "Kwa hiyo amemtilia mume wangu takataka za watu kwenye gunia, akazishona kwa kamba, akamwambia shika."

"Ndiyo, mama."

"Niandikie hilo. Niandikie yote, nipe kalamu nitie sahihi. Mimi sitoki, lakini jina langu litoke."

*

Gereji ya Boga ilikuwa na mafundi watano na redio moja kubwa. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Karibu dada polisi. Gari lako linagonga wapi?"

"Gari langu ni zima. Nimekuja kwa la Mzee Hadi."

Kicheko kilipungua, hakikuisha. "Ah, Mzee Hadi. Mungu amrehemu. Mimi nilishaandika kwenu. Springi nilitia mpya, wallahi, kazi ya mkono wangu. Lakini dereva akiwa na mguu mzito, fundi atafanya nini? Watu wa bara hawa, barabara zetu wanaona kiwanja cha ndege."

"Springi za zamani ulizitoa wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono hii miwili."

"Ukazitia kwenye gunia?"

"Nikazitia, nikashona mwenyewe. Mzee alikuwa hataki masihara na spea zake."

"Hukuchanganya na za gari jingine? Gereji ina kazi nyingi."

Boga aliona heshima yake imeguswa. "Dada, mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye springi. Nichanganye? Zile ni za gari lile lile."

"Niandikie hapa basi, kwa mkono wako."

Aliandika, herufi kubwa, akatia sahihi kwa madaha. Changawa alikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akafungua buti la gari lake, akatoa bamba moja la kwenye gunia na kulibeba mpaka kwenye pikapu iliyokuwa juu ya jeki, ndugu moja na ile ya marehemu, aina moja, mwaka mmoja. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yametolewa na bolti ziko wazi.

"Nitilie hili hapa," alisema.

"Hili?"

"Si ulilitoa kwenye gari kama hili? Kilichotoka kinarudi. Nionyeshe, mimi najifunza."

Mafundi waliacha kazi. Mmoja alizima redio. Boga alilitazama bamba, akaitazama bolti ya kwato. "Dada, wanawake na springi wapi na wapi. Kuna namna yake, lazima—"

"Nionyeshe hiyo namna."

Alilichukua. Akalipandisha juu ya ekseli, akaleta bolti juu yake. Miguu ya bolti ilikaa juu ya bamba kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Akasukuma. Akaligeuza, akasukuma tena. Fundi mzee aliyekuwa karibu na tangi la mafuta akasema, kwa sauti ya kujisemea ambayo wote waliisikia, "Hata ukipiga nyundo mpaka Ramadhani."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta.

"Sentimita saba," alisema Changawa. "Bolti inataka sita. Sasa niambie, miaka ishirini na mbili kwenye springi, ulilitoaje humo kitu kisichoweza kuingia?"

Boga alikiweka chuma chini taratibu. "Labda vijana walikosea gunia."

"Umeandika ulishona mwenyewe." Aligonga mfuko wake. "Na rangi je? Ile nyeusi ulipaka juu ya udongo, ikaingia ndani ya ufa. Ufa ulikuwepo, Boga. Brashi yako ilipita juu yake. Uliuona."

"Ulikuwa ufa mdogo."

Lilimtoka hivyo, haraka, kama mtu anayebisha bei. Gereji nzima ililisikia. Boga mwenyewe alilisikia, akafunga mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka.

Changawa hakumwuliza tena. Alitazama uwanjani. Karibu na lango kulikuwa na pikapu ya mchanga, jina la gereji limeandikwa mlangoni, imepakia mpaka juu na nyuma bado imesimama wima kama haikubeba kitu. Alikwenda, akainama nyuma ya gurudumu. Mabamba mapya, mazito. Ubavuni, chini ya vumbi la mchanga, kila moja lilikuwa na mstari wa kijani.

"Na mzee alikupigia simu," alisema, bado ameinama. "Alikuuliza kwa nini gari limekaa chini. Ulikuwa na nafasi. Ungesema neno moja tu, lete gari. Ukamwambia springi zitazoea."

"Nilidhani hawatakwenda mbali."

"Walifika Bofu."

Alimsomea haki zake na kumfunga pingu mbele ya watu wake. Alimwagiza fundi mzee asiiguse pikapu ya mchanga mpaka mpiga picha afike, na mzee akavuta stuli, akakaa mbele ya gurudumu lenyewe.

*

Saa kumi kasorobo aliweka mezani kwa Clifford maelezo ya Bi Samiha, karatasi ya Boga, picha ya ufa wenye rangi na bamba moja la sentimita saba, ambalo liliacha alama ya grisi kwenye faili lake safi. Clifford alisoma, akarudia ukurasa wa mjane.

"Vijana walifika mlangoni kweli," alisema, kama anayejitetea.

"Walifika. Tatizo ni kwamba waliporudi hukuwauliza kitu."

Clifford alilichukua shtaka la Justus, akalichora mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, akatia sahihi chini yake. Kisha akaandika jina la Boga kwenye karatasi mpya.

Hospitalini askari alifungua pingu. Justus aliutazama mkono wake, akausugua. Mkewe, Mueni, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, alianza kulia kwa sauti, na muuguzi akamwambia anyamaze, kisha naye akajifuta macho.

Changawa alivuta kiti, akafungua daftari.

"Sasa wewe ni shahidi. Nataka maelezo yako. Siku ile, pale kona, ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

Justus alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha aliyoisahau.

"Afande, hakuna mtu ameniuliza hivyo. Wamekuja mara nne. Wote walikuwa wananiambia."

"Mimi nakuuliza."

"Arobaini," alisema Justus. "Haikuzidi arobaini. Mzee alikuwa anajimiminia kahawa."